Gesi yaivisha ugali, nyumba yabaki na baridi

Mkakati wa nishati safi unahesabu vyungu. Katika Nyanda za Juu Kusini, moto wa kuni una kazi ya pili ambayo haimo katika hesabu hiyo: kuwapasha watu joto kuanzia Juni hadi Agosti.

Saa kumi na moja alfajiri ya mwezi Julai, katika vijiji vya juu vya Makete, mkoani Njombe, nyasi huwa zimekakamaa kwa sakitu, na ndoo iliyosahaulika uani imeshika utando wa barafu. Nyumba kubwa bado ina giza. Jiko la nyuma ndilo linalofuka. Ndani yake bibi amekwisha kufukua makaa ya jana chini ya majivu, ameyapa vijiti vya mwati na kupuliza, na wajukuu wanaingia mmoja mmoja wamejitanda mablanketi, wanachutama kuzunguka mafiga. Juu ya vichwa vyao, kwenye dari la fito, mahindi ya msimu yanakaushwa na moshi uleule unaowatoa machozi. Chai haijabandikwa. Moto wa saa hizi ni wa kuota.

Siku hizi si ajabu kukuta mtungi wa gesi wa kilo 6 kwenye nyumba kama hiyo. Nao unafanya kazi: unachemsha chai mgeni akija ghafla, unapasha kiporo, unaokoa mchana wa mvua. Lakini jioni, baridi inaposhuka kutoka uwanda wa Kitulo, hakuna anayevuta kigoda karibu na mtungi. Watu wote wanarudi jiko la nyuma.

Gesi inapikiwa, haiotwi.

Hapo ndipo sera na kijiji vinapopishana. Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa uliojadili jambo hilohilo kwa Afrika nzima. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, na mitungi ya gesi ya bei ya ruzuku imefika hadi vijijini.

Hoja ya Serikali ni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miaka mitano. Anayebeba mzigo wa kuni kichwani na anayevuta moshi kwa saa nyingi zaidi, kwa kawaida, ni mtu mmoja: mwanamke wa nyumba hiyo. Hakuna wa kubishana na hilo, hata huko Makete.

Ila mkakati, kama jina lake linavyosema, ni wa kupikia.

Kipupwe cha kweli

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye kwake Julai ni mwezi wa kuzima feni, anaweza kudhani baridi hii inatiwa chumvi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo unapanda hadi mita 2,600 hivi, na kilele cha Mtorwi kando yake hufika mita 2,961. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na kila mwaka nyanda hizi ndizo zinazotajwa kwa nyuzi za chini kabisa, zinazoshuka chini ya 10. Kwenye mabonde ya Makete hushuka mpaka majani ya viazi mviringo yanaungua kwa barafu, yakaamka meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Baridi ya namna hii wanaijua pia watu wa Mufindi na Lushoto. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanaijua watu wa Kinangop na kwingineko Nyandarua, na Uganda wanaijua watu wa Kigezi. Wengi wao ni wakulima wa viazi, kabichi au chai, na wote huota moto.

Kinachoitofautisha Njombe ni miti. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kupanda miwati huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi viwandani. Wakulima wakaiga. Baadaye ikaja mipaina na milingoti (mikaratusi), na leo mtu wa kawaida wa Njombe anaweza kuwa na ekari mbili za miti kama mtu wa Kilosa anavyokuwa na ekari mbili za mahindi. Jirani yao, Mufindi, kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini.

Kwa hiyo picha tuliyoizoea, ya mama anayetembea kutwa nzima kutafuta vijiti kwenye nchi iliyokauka, haikai vizuri hapa. Kuni za Njombe kwa sehemu kubwa ni zao la shamba. Hukatwa, hupandwa, huchipua. Mlingoti ukikatwa kisiki chake hutoa machipukizi yenyewe. Anayezungumza na watu hawa kuhusu kuni kana kwamba wanamaliza msitu wa asili huwa amepoteza wasikilizaji wake kabla hajafika kwenye jambo la maana, ambalo ni moshi.

Uniti 75 na mtungi mmoja

Tuseme familia inataka kupasha chumba kimoja joto kwa saa nne za jioni, bila kuni. Hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 itakula uniti 6 kila usiku. Nyumba iliyo kwenye daraja la bei nafuu la Tanesco ina uniti 75 kwa mwezi kabla bei haijapanda kwa kishindo. Kwa hita hiyo peke yake, bila taa wala simu kuchajiwa, uniti hizo zimekwisha siku ya kumi na tatu.

Gesi nayo? Kilo moja ya gesi ya mitungi ina joto la karibu uniti 13. Mtungi wa kilo 6 ni kama uniti 77, yaani umbali uleule: siku kumi na tatu, na hapo hakijachemshwa chochote. Kipupwe kina siku zaidi ya 90. Ukizidisha utapata mitungi saba kwa chumba kimoja, na kuwasha jiko la gesi lisilo na bomba kwa saa nne katika chumba kilichofungwa ni hatari nyingine tena.

Kuni kavu hutoa karibu uniti 4 kwa kilo. Ndani ya jiko la chuma lililofungwa vizuri, lenye bomba la kutoa moshi nje, zaidi ya nusu ya joto hilo hubaki chumbani. Kazi ya saa nne za hita inafanywa na kilo 2 na nusu za kuni, pande tatu za mwati zisizojaza mkono.

Mwananchi wa Makete hajapiga hesabu hizi kwa kalamu. Anazijua kwa mfuko wake, na ndiyo maana mtungi umewekwa kwenye nafasi yake na mafiga yamebaki kwenye nafasi yake.

Jiko linalobana joto

Kwa miaka mingi jibu la wataalamu lilikuwa jiko banifu. Mantiki yake ni safi: moto wa mafiga matatu hupeleka kwenye chungu sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi chini ya moja ya sita. Lililobaki hutawanyika. Lijenge jiko la udongo lenye kuta, libane moto chini ya chungu, na kuni zitapungua karibu nusu.

Sasa litie jiko hilo kwenye nyumba ya Kitulo mwezi wa saba. Joto ambalo mtaalamu aliliandika kwenye safu ya upotevu ndilo ambalo familia iliwasha moto kulipata. Jiko banifu linaivisha maharage vizuri, lakini waliokaa karibu nalo wanatetemeka. Usiku wanaongeza moto wa mafiga pembeni, na nyumba iliyokuwa na moto mmoja sasa ina miwili. Miradi ya majiko ya nyanda za juu, kuanzia Himalaya hadi Andes, imekutana na jambo hili mara nyingi kiasi kwamba inashangaza kuona bado likisahaulika kwenye mipango mipya.

Wapo waliolizingatia. Kati ya 2002 na 2004 watafiti wakiongozwa na Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifuatilia kaya zaidi ya 500 katika milima ya San Marcos, Guatemala, nchi ya baridi na mahindi kama Njombe. Nusu walijengewa jiko la matofali lenye bamba la chuma juu na bomba la kutoa moshi. Nusu walibaki na moto wa wazi, wakaja kujengewa baadaye. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011: hewa ya sumu iliyowafikia watoto ilipungua kwa nusu. Nimonia kwa ujumla haikushuka kwa kiwango cha kujivunia, ila nimonia kali, ile inayoua, ilishuka kwa takriban theluthi.

Ni matokeo ya kutia moyo, si ya kushangilia. Bomba linautoa moshi jikoni. Likiwa fupi, moshi huohuo unazunguka uani na kuingia tena kwa dirisha la chumba cha kulala. Hata hivyo, kwa nyumba ambayo haitaacha kuota moto mwaka huu wala mwaka kesho, theluthi ya nimonia kali ni kitu kikubwa kuliko mtungi uliosimama kwenye kona.

Karai la mkaa chumbani

Kibaya kuliko moshi wa kuni ni kitu kisicho na moshi. Kila kipupwe, vyombo vya habari vya Tanzania na Kenya huripoti habari ileile, majina tu ndiyo yanabadilika: watu walilala na jiko la mkaa ndani, mlango na madirisha yamefungwa, asubuhi hawakuamka.

Mkaa uliokolea unaonekana salama. Hauwashi macho, haukohozi mtu, unang'aa tu. Lakini hewa inapopungua chumbani, unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni, na ikishaishika haiiachii upesi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea, yaani ni zilezile za mtu aliyechoka na kutwa ya shambani. Anajifunika, analala.

Mkaa uliokolea hauwashi macho wala haukohozi mtu. Ndiyo hatari yake.

Hapa kuna kinaya ambacho maofisa wa afya na wa mazingira wangefaa kukijadili meza moja. Nyumba ya zamani, ya nyasi na udongo, ilijaa moshi lakini ilipumua. Pengo kati ya ukuta na paa lilitoa kila kitu. Nyumba ya kisasa ya tofali za kuchoma, yenye vioo na mlango wa kubana, haipumui. Anayehamia humo anaacha moto wa kuni jiko la nyuma kwa sababu unachafua rangi ya ukuta, kisha usiku wa baridi kali anaingiza karai la makaa chumbani. Ametoka kwenye moshi unaomuumiza kidogo kidogo akaingia kwenye sumu ya usiku mmoja.

Ushauri unaotolewa redioni, kwamba jiko la mkaa lisilale na watu, ni sahihi, na haumwambii mtu alale na nini.

Bati lilikuja peke yake

Mengi ya matatizo haya yanaanzia juu. Paa la nyasi lenye unene wa shubiri mbili ni blanketi. Bati ni karatasi ya chuma: jua likizama linapoteza joto lake kwa anga, na kabla ya alfajiri pumzi za waliolala zimegeuka matone upande wa ndani na kuanza kudondoka kitandani. Kila mtu aliyelala kwenye nyumba ya bati isiyo na dari huko Makete analijua tone hilo la shingoni.

Bati lilikuja kama maendeleo, na ni maendeleo. Halivuji, haliungui, halihitaji kuezekwa upya. Lakini lilikuja bila mwenzake. Dari, hata la mbao za bei ya chini au mikeka iliyotandazwa na kujazwa maranda makavu juu, huweza kupunguza sana kuni zinazohitajika, ilimradi bomba la moto lisipite karibu na maranda hayo. Fundi wa Njombe anayejenga nyumba ya vyumba vitatu atamwuliza mwenye nyumba kuhusu vigae vya sakafuni, mageti na rangi. Dari mara nyingi husubiri pesa ikipatikana.

Mbao hazikosekani. Mashine za kupasulia mbao zinazohamahama mashambani, zile wanazoziita ding-dong, zina meno mazito na hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mabanzi. Vumbi hurundikwa na kuchomwa mulemule porini. Mabanzi huuzwa kwa uzio, kwa mabanda ya kuku, na kwa kuni. Matawi ya mipaina iliyopogolewa huachwa chini, na kati ya Agosti na Oktoba, upepo unapokaza, ndiyo yanayoubeba moto kichaa kutoka shamba hadi shamba. Kuni za kupasha joto kila nyumba ya wilaya zinaungua bure hatua chache kutoka kwa watu wanaotetemeka. Tanganyika Wattle wenyewe wamekuwa wakizalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti tangu miaka ya 1990, kwa hiyo wazo si geni Njombe. Halijafika majumbani tu.

Gome juu au gome chini

Nchi zenye baridi ya theluji zinalichukulia suala hili kwa uzito unaochekesha kidogo. Mwaka 2011 Lars Mytting wa Norway aliandika kitabu kizima kuhusu kukata, kupanga na kukausha kuni, kikauzwa kama njugu. Februari 2013 televisheni ya taifa ya huko, NRK, ilitumia saa 12 mfululizo kwa kipindi cha kuni, nyingi kati ya hizo zikionyesha moto ukiwaka tu. Watazamaji walituma ujumbe kulalamika: nusu walidai gogo lipangwe gome likiangalia juu, nusu walidai chini.

Nyuma ya mzaha huo kuna kanuni wasiyoichezea: usichome kuni zenye unyevu unaozidi asilimia 20. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukichoma kilo 10 mbichi umechemsha kwanza lita 5 za maji mpaka zikauke, na hiyo peke yake imekula zaidi ya uniti 3 za joto kabla mtu hajaota chochote. Moto huo wa nusu-nusu ndio wenye moshi mzito wa manjano, unaopaka lami ndani ya bomba hadi siku lami yenyewe ishike moto. Finland na Urusi wamekwenda mbali zaidi: jiko lao ni mnara wa matofali au mawe, linawashwa kwa ukali saa moja au mbili, kisha kuta zake nene zinatoa joto mpaka kesho yake. Usiku hakuna moto unaowaka, kwa hiyo hakuna wa kuuchunga wala kuuogopa. Njombe ina udongo, ina matanuri ya tofali, ina mafundi.

Kinachokosekana ni mtu wa kulifanya kuwa jukumu lake. Wizara ya Nishati ina chungu. Afya ina mapafu. Wakala wa Huduma za Misitu una shamba la miti, halmashauri ina kibali cha ujenzi. Joto la chumba cha kulala halina ofisi. Ruzuku inayolipia nusu ya mtungi ingeweza kulipia pia bomba la moshi la jiko la chuma, ambalo fundi wa kuchomelea wa Makambako analitengeneza kwa pipa na bati nene, au mbao za dari kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Kwa wilaya za joto mkakati ubaki ulivyo. Kwa wilaya za baridi, kuendelea kugawa mitungi na kuhesabu kaya zilizopokea ni kujidanganya kwa takwimu, kwa sababu kaya hiyohiyo inahesabiwa imehama kuni wakati jiko la nyuma halijazimwa hata siku moja tangu Juni.

Wakati ofisi zinaulizana, kalenda ya kuni haisubiri. Mlingoti hupasuka kirahisi ukiwa mbichi na huwa mgumu kama chuma ukikauka, kwa hiyo unapasuliwa siku ileile unapokatwa. Jua na upepo wa Agosti hadi Oktoba ndivyo vinavyozikausha kuni. Novemba mvua zikianza, kuni zinatakiwa ziwe zimepangwa chini ya paa, pande zote wazi, zimeinuliwa juu ya mawe zisinyonye maji ya ardhini. Kwa maneno mengine, kuni za kuota Julai ijayo zinakatwa kipupwe hiki, na atakayeanza kutafuta Mei atapata za mvua.